Kubadilisha sensa za upepo wa tairi kwenye pikipiki kubwa: mwongozo kamili

Sensa ninayoizungumzia hapa si ile ya watu na makazi. Ni kidude chepesi, kikubwa kidogo kuliko kidole gumba, kinachokaa ndani ya rimu kwenye shina la valvu, kinapima upepo wa tairi na kuutangaza kwa redio hadi kwenye dashibodi. Boxer na TVS za kazi hazina kitu hicho. Wanacho wenye pikipiki za safari ndefu kama BMW R 1200 GS, KTM 1190 Adventure, Kawasaki 1400GTR, Honda Gold Wing na jamaa zao. Ukinunua moja iliyokwishatumika nje miaka sita au saba, jiandae, maana huo ndio umri ambao betri ya sensa huanza kukata roho.

Watu wakisikia neno sensa wanakimbilia kutafuta mtu wa kompyuta. Kompyuta ni dakika kumi za mwisho. Kazi yenyewe ni ya tairi: jasho, sabuni na vyuma vya kutolea tairi, na wanaoharibu huharibia hapo. Ndiyo maana nawashauri wenzangu wasifungue tairi kwa ajili ya sensa peke yake kama wanaweza kusubiri. Tairi likiisha, badilisha na sensa siku hiyo hiyo, ya mbele na ya nyuma pamoja. Zimezaliwa siku moja, na moja ikifa nyingine iko njiani.

Hakikisha kwanza kwamba sensa ndiyo iliyokufa

Taa ya onyo ikiwaka, usiilaumu sensa kabla ya kupima tairi kwa geji ya mkono. Sensa nzima inayolalamika inafanya kazi yake, huenda una pancha kweli. Paka maji ya sabuni kwenye uso wa tairi, kwenye shina la valvu na pale tairi linapokutana na rimu, kisha tazama mapovu.

Sensa iliyokufa ina dalili yake. Dashibodi inaonyesha vistari badala ya namba, tena hata baada ya kuendesha. Hapa wengi wanajidanganya. Sensa hulala pikipiki ikisimama ili kutunza betri, na kwenye GS, kwa mfano, namba hazitokei mpaka uvuke kama kilomita 30 kwa saa. Vistari ukiwa umesimama getini si ugonjwa. Vistari ukiwa umeshakwenda robo saa barabarani, huo ni ugonjwa.

Mara nyingi betri haifi ghafla. Asubuhi ya baridi namba hazionekani, jua likipanda zinarudi, wiki mbili baadaye zinapotea tena. Ukiona hivyo usingoje ife kabisa, kwa sababu nitakayoieleza kwenye sehemu ya namba. Gurudumu moja likinyamaza, kosa karibu kila mara liko kwenye sensa yake. Yakinyamaza yote mawili kwa mpigo, fikiria kwanza kipokezi cha pikipiki, fyuzi au waya, kabla ya kutoa pesa ya sensa mbili.

Na betri yenyewe haibadilishwi. Imezamishwa kwenye utomvu mgumu pamoja na saketi, ili maji, joto na msukosuko wa gurudumu visiifikie. Nimeona watu wakikwangua utomvu huo kwa kisu cha moto na kulehemu betri mpya. Wengine wanafaulu. Mimi sifungi ndani ya tairi ninaloendeshea kilomita 120 kwa saa kitu kilichofunikwa kwa gundi ya dukani.

Kununua

Mambo manne ya kuuliza kabla hujatuma pesa.

La kwanza ni masafa ya redio. Sensa nyingi za soko la Ulaya hutuma kwa megahezi 433, na nyingi za soko la Marekani na Japani kwa 315. Sensa ya 315 kwenye pikipiki inayosikiliza 433 ni sawa na kumwita mtu kwa jina la jirani yake. Nenda kwa namba ya spea iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani au inayotolewa na wakala kwa namba ya chesisi yako.

La pili ni tundu la valvu. Rimu za pikipiki mara nyingi zina tundu la milimita 8.3 au 11.3, na shina la sensa ya gari lina mteremko wake ambao haulali vizuri kwenye rimu nyembamba ya pikipiki. Usikubali kuambiwa “hii ya gari inaingia tu.”

La tatu, umri. Betri inazeeka hata sensa ikiwa kabatini. Tazama tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa mgongoni. Sensa ya mtumba sinunui hata kwa bei ya soda, maana gharama ya kazi hii iko kwenye kufungua tairi.

La nne, rimu yako. Sensa za ndani ni za tairi lisilo na tyubu. Spoku za kawaida hutoboa katikati ya rimu, upepo hauwezi kukaa bila tyubu, kwa hiyo sensa ya ndani haina pa kukaa. Rimu za spoku za GS ni hadithi nyingine: spoku zimeshikwa kwenye kingo za nje, katikati hakuna tundu, ndiyo maana inavaa tairi bila tyubu.

Kama pikipiki yako haikuja na mfumo huu kabisa, au bei ya sensa halisi imekukausha koo, zipo sensa za kufunga juu ya valvu badala ya kifuniko. Betri yake ni ya kidonge, unaibadilisha mwenyewe, na skrini yake ndogo inakaa kwenye usukani. Zinafaa, ila ufunge valvu ya chuma kwanza. Shina la mpira linabeba uzito ule kila gurudumu linapozunguka, linachoka na kupasuka shinani, na linapopasuka upepo hautoki kidogo kidogo.

Vifaa

Stendi ya kati au stendi ya karakana, spana za ekseli na kalipa (vibanio vya breki ya diski), spana ya kukazia kwa kipimo, vyuma vitatu vya kutolea tairi vyenye ncha ya mviringo, vikinga rimu vya plastiki, kifaa cha kubandulia ukingo wa tairi, maji ya sabuni mazito, kompresa, geji unayoiamini, ufunguo wa sindano ya valvu na kifaa cha kubalansi gurudumu. Ongeza kalamu ya wino usiofutika na simu yenye kamera. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vilivyonigharimu mimi, nitasimulia.

Kutoa gurudumu

Nitapita haraka, maana kila pikipiki ina kitabu chake. Legeza boliti kabla ya kuinua. Gurudumu la mbele la pikipiki nyingi kubwa halitoki mpaka kalipa zitoke. Zifunge kwa kamba kwenye fremu zisining'inie kwa mpira wa breki, na mtu yeyote asiguse mkono wa breki, kwani pistoni zitatoka na utakuwa umejitafutia kazi nyingine. Angalia pia waya wa ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisikwame unapofunga breki) usivutwe. Gurudumu la nyuma la GS ni raha: hakuna ekseli ya kuchomoa, ni boliti tano tu kama za gari.

Kabla ya kulaza gurudumu, tazama mshale wa mwelekeo kwenye ubavu wa tairi na upige picha. Laza juu ya tairi kuukuu au mbao mbili, diski ya breki isiguse sakafu.

Kutoa tairi bila kuvunja sensa

Hapa twende polepole.

Sensa iko pale penye valvu, imelala ndani ya bonde la rimu, yaani ule mfereji wa katikati. Baadhi ya rimu zina kibandiko cha onyo mahali hapo. Kama hakuna, chora mstari kwa kalamu kwenye ubavu wa tairi mkabala wa valvu. Mwambie na fundi kwa mdomo, hata kama umri wake na wako haviruhusu kufundishana. Nilimwambia mzee mmoja wa pancha, “Mzee, humo ndani kuna kifaa cha umeme.” Akanijibu bila kuinua uso, “Kijana, mimi tairi nimeanza na malori ya Bedford.” Akasukuma chuma pale pale kwenye valvu. Kilisikika kidogo tu, kra, kama njugu inayobanjwa. Niliinua tairi, plastiki ikawa vipande viwili na betri inachungulia. Hakuchukua pesa ya kazi, lakini sensa haikurudi.

Toa sindano ya valvu, upepo uishe wote. Kisha bandua ukingo wa tairi kutoka kwenye rimu ukianzia upande ulio mkabala na valvu, ambako kifaa kikizama sana hakuna cha kuponda. Endelea kuzunguka kuelekea kwenye valvu kidogo kidogo, na hapo karibu tumia magoti na mikono badala ya chuma. Geuza, fanya upande wa pili.

Ukianza kutoa kwa vyuma, shika kanuni moja: ukingo wa tairi usizamishwe kwenye bonde pale sensa ilipo. Upande unaoinua kwa chuma na upande unaozama bondeni hukabiliana daima. Kwa hiyo inua ukianzia shibiri moja hivi pembeni mwa valvu, kulia au kushoto, chuma kiingie juu juu tu, huku magoti yako yakikandamiza upande wa pili wa gurudumu uzame bondeni. Ukianza kuinua mkabala na valvu, unalazimisha ukingo uzame juu ya sensa, na hutauona unapoiponda. Paka sabuni bila ubahili. Nguvu nyingi kwenye tairi ni dalili kwamba ukingo wa upande wa pili haujazama.

Ukiona tairi limejaa uji wa kijani au mweupe, hiyo ni dawa ya pancha ya majimaji. Huenda ndiyo iliyoua sensa, kwa sababu inaziba kitundu kidogo cha kupimia. Futa yote kabla ya kufunga mpya, na usiimwage tena humo isipokuwa umekwama porini na giza linaingia.

Kufunga sensa mpya, na habari ya namba

Legeza nati ya valvu, toa sensa ya zamani, safisha tundu kwa kitambaa mpaka liwe kavu na laini. Pwani kazi hii inachukua muda zaidi. Chumvi ya Dar au Mombasa huota unga mweupe kwenye aluminiamu, na unga ukibaki chini ya mpira mpya upepo utavuja polepole hadi ukate tamaa. Usitumie msasa mkali.

Weka mpira na nati mpya zilizokuja na sensa. Kaza kwa kipimo cha kitabu, ambacho ni kidogo kuliko mkono wako unavyotaka, kwani shina ni aluminiamu tupu na hukatika. Sensa ilale bila kutokeza juu ya ukingo wa rimu. Sindano ya valvu iwe ile iliyopakwa nikeli. Ya shaba ya kawaida ikikaa ndani ya shina la aluminiamu hulana nalo, na siku ukitaka kuitoa inatoka na shina lake. Kwa sababu hiyo hiyo, kifuniko kiwe cha plastiki, siyo vile vya chuma vyenye fuvu la kichwa.

Sasa simama. Kila sensa ina namba yake, imechapwa mgongoni. Pikipiki inaitambua sensa kwa namba hiyo tu, na lazima ijue ipi ni ya mbele na ipi ya nyuma. Mara yangu ya kwanza nilifunga tairi la nyuma, nikapiga upepo, nikabalansi, nikarudisha gurudumu, nikaenda kwa kijana mwenye kompyuta nikiwa najisikia fundi. Akaunganisha waya, akafungua ukurasa, akauliza, “Namba za sensa ziko wapi, kaka?” Nilinyamaza. Boksi lilikuwa limeshachomwa na taka za nyumbani. Tulirudi tukafungua tairi upya.

Basi kabla tairi halijafunika sensa, piga picha namba ya mbele na ya nyuma, ziandike kwenye karatasi, na uandike tena kwa kalamu ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa vya pikipiki. Atakayeinunua baada yako atakushukuru.

Na hii ndiyo sababu ya kutongoja sensa ife kabisa: kwa baadhi ya modeli zipo sensa tupu zinazoandikwa namba yoyote kwa kifaa maalumu. Kama ya zamani bado inapumua, kifaa kinaisoma namba yake na kuiandika kwenye mpya, na pikipiki haitajua kwamba kuna kilichobadilika. Huhitaji kompyuta ya wakala. Ikishanyamaza, itabidi uisome namba kwenye mgongo wake, kama haijafutika.

Kurudisha tairi

Kinyume cha kutoa. Hakikisha mshale, paka sabuni, anzia mkabala na valvu na umalizie karibu na valvu, chuma cha mwisho kikiwa shibiri pembeni yake. Kitone cha njano kwenye tairi jipya, kikiwepo, kielekee valvu.

Piga upepo bila sindano ya valvu ili uingie kwa kasi. Utasikia mlio wa kwanza, kisha wa pili, ukingo unapokaa. Zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba wa mpira ulio karibu na rimu: uwe na umbali sawa kote. Usipokaa, usiongeze upepo tu ukitumaini. Kila tairi lina kikomo cha kukalishia, na tairi linalopasuka mkononi huvunja mifupa. Toa upepo, paka sabuni, jaribu tena.

Balansi ni lazima. Sensa mpya inaweza kutofautiana na ya zamani kwa gramu kadhaa.

Rudisha gurudumu na ukaze kwa kipimo. Boliti tano za gurudumu la nyuma la R 1200 GS ni Nm 60 (nyutonimita, kipimo cha kukazia), kwa msalaba. Kalipa zikisharudi, kamua mkono wa breki mpaka uwe mgumu kabla hujasogeza pikipiki hata hatua moja. Watu wameingia ukutani kwa kusahau hilo.

Kuitambulisha sensa, na kusoma namba zake

Kwa BMW, KTM, Kawasaki na wengine wengi, namba huingizwa kwa kompyuta ya uchunguzi, ya wakala au ya fundi mwenye kifaa kinachokubali modeli yako. Piga simu uulize kabla ya kufungua tairi. Mifumo mingi ya kufunga mwenyewe hujifunza kwa kitufe: unabonyeza, unatoa upepo kidogo kwenye tairi husika, skrini inaipokea.

Kisha ugomvi ambao nimeuamua mara nyingi kwenye vituo vya mafuta. Dashibodi inasema 2.5, geji ya kituo inasema 2.9, mtu anaapa sensa mpya ni feki. Zote mbili zinasema kweli. BMW huonyesha upepo uliosahihishwa kana kwamba tairi lina nyuzi 20. Tairi lililotoka barabarani likiwa na nyuzi 50, upepo wake wa bar 2.5 (psi 36) umevimba hadi karibu bar 2.9 (psi 42), na geji haina akili ya kupunguza. Ukiupunguza hapo, kesho asubuhi utakuwa na tairi laini. Linganisha tairi likiwa baridi tu, kivulini, kabla ya safari. Kwa kukadiria, kila nyuzi 6 za joto huongeza au kupunguza psi moja.

Mwinuko nao una neno. Tairi lililojazwa Dar es Salaam likifika Arusha, mita 1,400 juu, hewa ya nje imepungua uzito, kwa hiyo geji inaongeza kama psi 2 bila mtu kugusa kompresa. Baridi ya Arusha nayo inapunguza karibu kiasi hicho hicho, ndiyo maana wengi hawajawahi kugundua.

Jaza tairi likiwa baridi kwa kipimo cha kitabu, kwa GS hiyo ni bar 2.5 mbele na 2.9 nyuma. Toka taratibu, tairi jipya bado lina utelezi wake, vuka kilomita 30 kwa saa na uendelee dakika chache. Vistari vya mbele huondoka, kisha vya nyuma. Ukitaka kujua kama ya mbele na ya nyuma hazikubadilishana kwenye kompyuta, subiri mpaka asubuhi, toa psi 4 mbele, uendeshe uone namba ipi imeshuka. Halafu rudisha upepo.